Kwa Nini Maziwa Ni Kidogo? Historia ya Lishe ya Mgonjwa Hospitalini

Matini ya kipindi cha afya, kwa ajili ya redio na kwa kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji kambini

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI:  

Swali la leo huulizwa karibu kila wiki katika wodi za lishe, mara nyingine kwa sauti na mara nyingine moyoni. Mama amefika na mtoto aliyekonda hadi mifupa inahesabika, au aliyevimba miguu na uso. Anatarajia mtoto ashibishwe. Badala yake muuguzi analeta maziwa mepesi, kidogo tu, kama nusu kikombe cha chai. Baada ya saa 3 analeta tena kiasi kilekile. Mama akiuliza kama anaweza kumpa mtoto ugali na maharage, anaambiwa bado. Anajiuliza: mwanangu ana njaa, hawa wanamnyima chakula kwa nini?

Wengine hawavumilii. Usiku wanampa mtoto uji mzito kwa siri, au wanambeba na kurudi naye nyumbani kabla ya siku ya pili kwisha. Baadhi ya watoto hao hatuwaoni tena.

Kwa hiyo swali hili linataka jibu la kweli, na jibu lake limo katika historia. Kila kanuni unayoikuta katika wodi ya lishe ina sababu yake. Kanuni nyingi ziliandikwa baada ya watu kufa mikononi mwa madaktari waliokuwa na nia njema lakini hawakujua. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA KWANZA: Chakula kinapoanza kuhesabiwa kuwa tiba

MTANGAZAJI: Zamani, katika nchi nyingi, hospitali ilikuwa mahali pa dawa na visu. Chakula kilikuwa kazi ya jikoni au ya ndugu wa mgonjwa. Mmoja wa watu waliobadili mawazo hayo ni Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, alifika na wauguzi wenzake katika hospitali ya jeshi huko Scutari, Uturuki. Alikuta askari majeruhi wakila vibaya: nyama isiyoiva vizuri, na chakula kinachoachwa kando ya mgonjwa asiye na nguvu hata ya kuinua kijiko. Mwaka uliofuata mpishi mashuhuri, Alexis Soyer, alikwenda huko kupanga upya majiko ya hospitali.

Mwaka 1859 Nightingale alichapisha kitabu kuhusu uuguzi, na ndani yake aliweka sura mbili nzima juu ya chakula cha mgonjwa. Alieleza kwamba wagonjwa wengi hufa njaa huku chakula kipo, kwa sababu hakuna mtu anayeangalia ni saa ngapi mgonjwa anaweza kula, anaweza kula nini, na amebakiza kiasi gani.

Muuguzi anayeandika kwenye karatasi kwamba mtoto wako amekunywa mililita 80 na kubakiza 20 anafanya kazi iliyoanza siku nyingi. Kilichobaki kwenye kikombe ni habari ya mgonjwa, sawa na homa yake.

SEHEMU YA PILI: Ugonjwa uliopewa jina na akina mama

MTANGAZAJI: Sasa tuje Afrika. Mwaka 1929 daktari wa watoto aitwaye Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipelekwa kufanya kazi Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana. Huko aliona watoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 waliovimba miguu na mikono, ngozi ikibanduka, nywele zikiwa nyepesi na nyekundu, na ambao hawakutaka kucheza wala kula. Vitabu alivyosomea Uingereza havikueleza ugonjwa huo.

Akafanya jambo ambalo madaktari wengi wa kikoloni hawakulifanya: aliwauliza akina mama. Kwa lugha ya Waga wa Accra walimwambia ugonjwa huo huitwa kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa sababu mdogo wake anakuja au amezaliwa. Mtoto ameachishwa ziwa ghafla na anabaki na uji wa mahindi peke yake. Ndani ya jina lenyewe mlikuwa na maelezo ya chanzo. Mwaka 1933 Williams aliuandika ugonjwa huu katika jarida la kitabibu, akauhusisha na mlo wa mahindi. Mwaka 1935 aliandika tena, safari hii akitumia jina lile la Kiga. Baadhi ya wakubwa wa tiba walimpinga, wakasema ni ugonjwa mwingine uliokwishajulikana, pelagra. Ilichukua miaka kukubalika kwamba mama wa Accra walikuwa wameona sawa.

Majina ya namna hiyo yapo kwetu pia. Waganda huuita obwosi. Ndugu zetu wa Kivu wanaujua kwa jina la bwaki. Shuleni wengi wetu tulijifunza neno kwashakoo.

Lakini hapa kuna jambo la kusema wazi. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki hali hii imefungwa na lawama. Utasikia, "Mtoto amebemendwa," maana yake wazazi wamekiuka mwiko wa ndoa wakati mtoto bado ananyonya. Pwani ya Kenya utasikia habari za chirwa, na lawama ni ileile. Mama anaona haya, anamfunika mtoto kanga, anampeleka kwa mganga kwanza, na hospitali inakuwa kituo cha mwisho. Wale mama wa Accra walitaja mtoto aliyepoteza ziwa na mlo uliopungua. Hawakumtaja mwenye dhambi. Hadi leo sayansi haijakamilisha kueleza kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwenzake hukonda tu, lakini hakuna mtoto aliyevimba kwa sababu ya aibu ya wazazi wake. Kinachomdhuru ni kucheleweshwa.

SEHEMU YA TATU: Kampala na wodi yenye jiko

MTANGAZAJI: Kutoka Accra twende Kampala. Katika hospitali ya Mulago, Daktari Hugh Trowell, aliyekuwa amefanya kazi Kenya kabla ya Uganda, alitumia miaka mingi kuwachunguza watoto waliovimba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa Kiingereza walifungua hapo kituo maalumu cha utafiti wa utapiamlo wa watoto, na Daktari Rex Dean akawa miongoni mwa viongozi wake. Maziwa makavu yaliyoondolewa mafuta yakaanza kutumiwa kama tiba, na watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa wa kufa wakaanza kupona. Mwaka 1952 John Brock na Marcel Autret, waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula kuzunguka nchi kadhaa za Afrika, walitoa ripoti iliyosema tatizo kubwa ni upungufu wa protini.

Tatizo jingine likaonekana wodini. Mtoto alipona, akaenda nyumbani, na baada ya miezi akarudi vilevile au hakurudi kabisa. Maziwa ya hospitali yalikuwa yamemtibu, lakini nyumbani hapakuwa na maziwa. Ndipo mwaka 1965 kikaanzishwa pale Mulago kituo cha Mwanamugimu. Kwa Kiganda, jina hilo ni la mtoto mwenye afya njema. Mama alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe, na akaona kwa macho yake mtoto akirudisha nyama mwilini kwa chakula kinachopatikana sokoni na shambani. Walifundishwa kupika kitobero: matoke au chakula kingine cha kushibisha, pamoja na maharage au karanga, na samaki au nyama kidogo ikipatikana, vyote vikapondwapondwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba.

Kituo hicho bado kipo, na watoto wa wakimbizi nao wametibiwa humo. Upande wa Kongo, hospitali ya watoto ya Lwiro, karibu na Bukavu, imekuwa ikipokea watoto wenye bwaki kwa miongo mingi. Watafiti wamewatafuta watu wazima waliowahi kulazwa Lwiro wakiwa wadogo, ili kujua maisha yao yalikwendaje. Kwa hiyo miongoni mwa wanaonisikiliza leo huenda wapo waliopona pale.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA NNE: Siku ambayo chakula kiliua

MTANGAZAJI: Sasa tunafika kwenye kiini cha swali letu. Kwa nini kidogo?

Tarehe 15 Aprili 1945, majeshi ya Uingereza yaliingia katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Walikuta watu wapatao 60,000 wakiwa hai, wengi wamebaki mifupa, homa ya typhus ikienea, na maelfu ya maiti yakiwa hayajazikwa. Askari waliwahurumia. Wakatoa walichokuwa nacho: chakula cha jeshi, nyama ya makopo yenye mafuta, na maziwa. Watu wenye njaa ya miezi wakala.

Wengi walianza kuharisha vibaya na wengine wakafa. Katika wiki zilizofuata kukombolewa, karibu watu 14,000 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekwishaharibiwa na typhus na njaa hata kabla ya askari kufika, lakini madaktari waliokuwapo walieleza baadaye kwamba chakula kizito kiliwamaliza baadhi yao. Wanafunzi wa udaktari wapatao 100 waliletwa kutoka London kusaidia kulisha. Walijaribu mchanganyiko uliotumika miaka miwili nyuma katika njaa ya Bengal, India, uliotengenezwa kwa maziwa ya unga, unga, sukari na chumvi. Wagonjwa wengi waliuona mtamu mno, wakaukataa. Walijaribu kuwapa lishe kwa sindano, na watu waliokuwa wameona sindano za mauti kambini walipiga kelele kwa hofu. Mwishowe walijifunza kupunguza, kugawa mara nyingi, na kumsikiliza mgonjwa.

Nini hutokea ndani ya mwili? Mtu anapokosa chakula muda mrefu, mwili hubana matumizi, kama familia inayoona unga wa mgao unaelekea kwisha. Moyo hupiga kwa nguvu ndogo. Ini na figo hufanya kazi polepole. Madini ya potasiamu, magnesiamu na fosfati hupungua, huku chumvi ikijikusanya ndani ya seli. Chakula kingi kikiingia kwa ghafla, mwili hutoa homoni ya insulini kwa wingi ili kukitumia. Insulini huyavuta yale madini machache yaliyobaki kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Damu ikibaki bila fosfati na potasiamu ya kutosha, moyo hupoteza mpigo wake. Mgonjwa aliyekuwa akila vizuri jioni hukutwa amekufa asubuhi.

Basi maziwa kidogo yale yana kazi ya kuamsha mwili bila kuushtua.

SEHEMU YA TANO: Funzo kutoka kambi za wakimbizi

MTANGAZAJI: Sehemu kubwa ya elimu hii ilipatikana mahali kama hapa tulipo, miongoni mwa wakimbizi na watu waliokimbia vita.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilisukuma mamilioni ya watu kuingia India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kililipuka. Dripu zikaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye maji, na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Maji ya chumvi na sukari tunayoyajua leo yalipata ushahidi wake mkubwa mikononi mwa wakimbizi wakiwahudumia wakimbizi wenzao.

Baadaye ikaonekana kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji mchanganyiko tofauti kidogo, kwa kuwa mwili wake tayari umejaza chumvi na umepungukiwa potasiamu. Ndiyo maana wodini anapoharisha hupewa maji maalumu yaitwayo ReSoMal, yenye chumvi pungufu na potasiamu zaidi. Na ndiyo maana muuguzi anasita kumtundikia dripu hata mama akimwomba. Kwa mtoto huyu, dripu inayokwenda mbio inaweza kuujaza moyo dhaifu maji hadi ukashindwa. Dripu huwekwa pale tu anapokuwa katika hali ya kuzimia kwa kupungukiwa maji au damu, tena kwa kuangaliwa kila wakati.

Wakati wa vita vya Biafra huko Nigeria, kati ya 1967 na 1970, wahudumu walikabiliwa na umati wa watoto na hawakuwa na mizani ya kutosha. Wakatumia fimbo ya kupimia urefu pamoja na mzingo wa mkono ili kuchagua nani apewe chakula kwanza. Utepe wa rangi tatu anaozungushia mhudumu wa afya kwenye mkono wa mtoto wako umetoka katika ukoo huo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ukionyesha chini ya milimita 115, rangi ni nyekundu, na mtoto yumo hatarini.

Na mwaka 1992, Somalia ikiwa katika njaa na vita, kituo cha kuwatibu watu wazima waliodhoofika kilifunguliwa Baidoa. Daktari Steve Collins aliyekuwa akifanya kazi hapo aliona kwamba watu wazima waliovimba waliopewa mlo wenye protini nyingi walifanya vibaya kuliko waliopewa mlo wenye protini kidogo. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba aliyevimba ana upungufu wa protini, kwa hiyo ajazwe protini. Wagonjwa wa Baidoa walisaidia kuonyesha kwamba mwanzoni ini lililochoka haliwezi kuubeba mzigo huo.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA SITA: Maziwa mawili na hatua kumi

MTANGAZAJI: Katika kituo cha utafiti cha Kingston, Jamaika, kilichoanzishwa na Daktari John Waterlow miaka ya 1950, madaktari walipima kwa uangalifu mwili wa mtoto mwenye utapiamlo unavyofanya kazi. Daktari Michael Golden, aliyefanya kazi huko baadaye, pamoja na wenzake, waliyageuza maarifa hayo kuwa maziwa mawili ya tiba.

La kwanza ni F-75. Lina kalori 75 katika kila mililita 100, protini kidogo, chumvi kidogo, na madini yanayokosekana. Halina madini ya chuma, kwa kuwa chuma mwanzoni kinaweza kuvipa nguvu vijidudu kabla ya mwili kuweza kujilinda. Maziwa haya hayakusudiwi kumnenepesha mtoto. La pili ni F-100, lenye kalori 100, linalokuja baada ya hatari kupita, na hilo ndilo la kujenga nyama.

Mtoto wa kilo 6 hupewa F-75 takribani mililita 100 kila baada ya saa 3, mara 8, usiku na mchana. Akiwa amevimba sana hupewa pungufu ya hapo. Asipoweza kunywa, huwekewa mpira mwembamba wa puani. Mama wengi huuogopa mpira ule kwa kudhani ni dalili ya kifo. Kazi yake ni njia ya kupitishia maziwa mpaka nguvu ya kumeza irudi, na ukishafanya kazi yake huondolewa.

Mwaka 1996 Claire Schofield na Ann Ashworth, watafiti wa London, walikusanya ripoti za hospitali za miaka hamsini na kuuliza swali gumu: kwa nini watoto wanaendelea kufa hivi? Katika hospitali nyingi, 20 hadi 30 kati ya watoto 100 waliolazwa kwa utapiamlo mkali walikufa, na kwa waliovimba ilifika hata 50 au 60. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa matunzo yenye makosa: dripu zisizohitajika, chakula kizito mapema, dawa za kukojosha maji kwa aliyevimba, kuacha kulisha usiku, na watoto kupata baridi.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake, na mafunzo hayo yakapangwa kuwa hatua kumi. Zuia sukari ya damu isishuke. Zuia baridi. Tibu upungufu wa maji kwa uangalifu. Rekebisha madini. Tibu maambukizi hata kama hakuna homa, kwa sababu mwili dhaifu hauna hata nguvu ya kupandisha joto. Mpe vitamini na madini madogomadogo. Anza kulisha polepole. Kisha mlishe kwa wingi akue. Mpe upendo na michezo. Andaa safari ya nyumbani na ufuatiliaji.

Hatua mbili za mwanzo ndizo zinazopotea usiku. Mtoto huyu hana akiba. Akikaa saa nyingi bila maziwa, sukari ya damu hushuka, mwili unapoa, na anaweza kufa akiwa amelala kimya bila hata kulia. Mama anayeamka saa 9 usiku kumnywesha anatoa tiba, sawa na muuguzi mwenye sindano. Na kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunika blanketi pamoja na kichwa, ni tiba ya baridi isiyohitaji umeme.

Hatua ya tisa, michezo, wengine huiona kama anasa. Huko Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachezesha watoto waliolazwa kwa utapiamlo, wakatumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida, na baadaye wakawatembelea nyumbani kuwaonyesha mama zao. Watoto hao waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko wenzao waliopewa chakula na dawa tu. Kopo lenye vijiwe, mpira wa matambara, wimbo wa mama: hivyo navyo vimo katika mwongozo.

SEHEMU YA SABA: Kutoka wodini kurudi nyumbani

MTANGAZAJI: Ilibaki shida moja. Wodi zilijaa. Mama alitakiwa kukaa hospitali wiki nyingi huku watoto wengine wamebaki peke yao, na nafasi yake kwenye mstari wa mgao haina mtu. Watoto waliolala wakibanana waliambukizana surua na kuhara. Isitoshe, maziwa yakishachanganywa na maji huharibika upesi, kwa hiyo hayakufaa kupelekwa nyumbani.

Mwaka 1996, André Briend, daktari Mfaransa, pamoja na Michel Lescanne, walitengeneza chakula laini cha karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Hakihitaji maji wala kupikwa. Kwa kuwa hakina maji, vijidudu haviwezi kukua ndani yake kwa urahisi. Kikaitwa Plumpy'Nut. Pakiti moja ina kalori 500 hivi. Wengi wetu tunakiita chakula dawa.

Kuanzia mwaka 2000, nchini Ethiopia na kisha Malawi na kwingineko, Collins na wengine walionyesha kwamba watoto wengi wenye utapiamlo mkali wanaweza kutibiwa nyumbani, wakija kliniki kila wiki. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ukaipitisha njia hiyo rasmi. Hospitali ikabaki kwa wale wasio na hamu ya kula, waliovimba sana, au wenye ugonjwa mwingine mkubwa. Ndiyo maana kliniki mtoto hupewa kwanza chakula dawa ajaribu mbele ya muuguzi. Akikila, anaweza kutibiwa nyumbani. Akikikataa, hiyo ni ishara kwamba ndani kuna hatari, na anatakiwa kulazwa.

Matokeo ya safari hii ndefu ni makubwa. Mahali ambapo hatua zinafuatwa vizuri, vifo wodini vimeshuka chini ya 10 kwa kila watoto 100 waliolazwa, na pengine chini ya 5. Hesabu hiyo haiji kwa maziwa peke yake. Inahitaji muuguzi wa zamu ya usiku asiyelala, na mama asiyeondoka.

Tuseme ukweli pia: hakuna wodi inayoweza kuziba pengo la mgao uliopunguzwa. Mtoto akipona na kurudi kwenye sufuria tupu, tutamwona tena. Waanzilishi wa Mwanamugimu walikwishaliona hilo mwaka 1965. Kwa hiyo mzazi anaposema kwenye mkutano wa jumuiya kwamba chakula hakitoshi, anazungumzia afya, na ana haki ya kusikilizwa.

MTANGAZAJI: Basi, mama, baba, ukiwa wodini, shika haya. Maziwa kidogo ya siku za kwanza ndiyo dawa. Usiongeze ugali wala uji kwa siri. Kama bado ananyonya, endelea kumnyonyesha. Amka usiku kila saa ya maziwa, na muuguzi akisahau, mkumbushe bila woga. Mfunike. Usishangae uzito ukishuka mwanzoni kwa mtoto aliyevimba: maji ya uvimbe yanatoka, na hiyo ni habari njema. Tabasamu lake la kwanza likitokea, mwambie muuguzi, maana nalo ni dalili ya kupona. Ukitaka kuondoka kwa sababu ya watoto wengine nyumbani, sema kwanza; mhudumu wa afya ya jamii au jirani anaweza kusaidia. Na ukipewa chakula dawa, ni cha mgonjwa peke yake, kama vile vidonge vyake.

Na ukiuliza tena kwa nini maziwa ni kidogo, una haki ya kuuliza, na muuguzi ana wajibu wa kukujibu. Tangu Accra, elimu hii imekua kila mara mtu alipowauliza akina mama na kuyasikiliza majibu yao.

[Muziki wa kufungia]

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika lugha yenu ya nyumbani, ugonjwa wa mtoto aliyevimba huitwaje? Jina hilo linasema chanzo ni nini? Je, linamsaidia mama kwenda kliniki mapema, au linamfanya ajifiche?

2. Mama wa mtaa wenu akilazwa na mtoto kwa wiki 2, nani atawaangalia watoto wake wengine, na nani atampokelea mgao? Pangeni sasa, kabla haijatokea.

3. Ni vyakula gani vinavyopatikana sokoni kambini au kwenye bustani ya nyumbani mnavyoweza kuchanganya kama kitobero kwa mtoto anayeanza kula?

4. Onyesheni namna ya kuangalia uvimbe: bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo.